Mwanao yuko ughaibuni? Acheni kufichana hali kwenye simu

Simu inaita Jumapili jioni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo huko?" "Sijambo mama, ninyi je?" "Sisi wazima, tunamshukuru Mungu." Mnazungumza habari za mvua, ada ya mdogo wake na harusi ya jirani. Kisha simu inakatwa na kila mmoja anabaki na lake moyoni.

Wewe mama hukumwambia kwamba dawa zako za presha zimekwisha tangu mwanzoni mwa mwezi na miguu inavimba. Naye hakukwambia kwamba analala saa nne tu kwa siku, kwamba juzi alishikwa na kizunguzungu kazini, na kwamba kuna siku hulia ndani ya basi bila kujua analilia nini.

Hakuna kati yenu aliye mwongo kwa tabia. Kila mmoja anamlinda mwenzake. Mzazi anajisemea, "Nikimwambia atachanganyikiwa, yuko mbali, atafanya nini?" Mtoto naye anajisemea, "Mama ana presha, nikimweleza nitamuua." Ni upendo, na hatuudharau. Lakini safu hii inasema wazi: ulinzi wa namna hii unaumiza wote wawili. Magonjwa mengi yanayowapata wazazi nyumbani na watoto wao ugenini ni yale yanayotibika vizuri yakiwahiwa, na huharibika yakifichwa.

Ughaibuni si chanjo

Wengi wetu huamini kwamba aliyekwenda Ulaya au Marekani amekwenda kwenye afya. Kule kuna hospitali kubwa, maji safi na hakuna malaria. Hayo ni kweli, lakini hayajakamilika.

Wanaochunguza afya ya wahamiaji wameona kwa miaka mingi kwamba mtu anayehama mara nyingi hufika ugenini akiwa na afya nzuri, pengine kuliko wenyeji. Hilo halishangazi, kwa kuwa mgonjwa hafungi safari ya kwenda kutafuta maisha. Lakini kadiri miaka inavyopita, ile nafuu aliyokwenda nayo hupungua. Utafiti uitwao RODAM, uliotoa matokeo yake 2016, ulilinganisha Waghana wa vijijini, wa mijini nchini mwao, na wale waliohamia Amsterdam, Berlin na London. Unene uliopitiliza ulikuwa mdogo kijijini, ukapanda mjini na kuwa mkubwa zaidi Ulaya. Kisukari nacho kilikuwa kikubwa zaidi kwa walioko Ulaya kuliko kwa ndugu zao wa kijijini. Damu ni ileile, kilichobadilika ni maisha.

Fikiria maisha ya mwanao yalivyo. Wengi huanzia kwenye nyumba za kutunzia wazee, maghala na usafi wa maofisi, kazi zinazokwenda kwa zamu, na zamu ya usiku ndiyo yenye nyongeza. Analala mchana kwa kuiba, anakula anachokikuta, anashinda ndani miezi ya baridi. Kufanya kazi usiku kwa miaka kumehusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Mtu wa miaka 35 aliyeondoka mwembamba anaweza kuwa na presha leo, na asijue, kwa sababu presha haipigi hodi. Vipimo vikirudia kuonyesha 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kushughulikiwa, hata kama mwenyewe anajisikia mzima.

Kuna pia suala la jua. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, nayo ndiyo inayosaidia mifupa na misuli. Nchini Uingereza, kuanzia karibu Oktoba hadi Machi, jua halina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo. Ndiyo maana serikali ya huko inashauri watu wafikirie kutumia vidonge vya mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuvitumia mwaka mzima. Upungufu wake humletea mkubwa maumivu ya mifupa na uchovu, na mtoto mdogo humletea matege. Mwanao akikwambia mgongo na mapaja vinamuuma kila siku, usikimbilie kusema ni uzee umemwahi. Mwambie akapime, na asijipimie dozi kubwa mwenyewe, kwani vitamini D ikizidi sana huweza kuumiza figo.

Walioko Ghuba adui yao ni joto. Qatar inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Falme za Kiarabu zinakataza kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Mwenye mtoto anayefanya ujenzi au ulinzi huko amwulize kama saa hizo anapumzishwa. Joto kali na maji machache huumiza figo polepole. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, anywe maji, apumzike kivulini na amwone daktari. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura: wenzake wampoze mwili kwa maji na waite gari la wagonjwa.

Binti anayefanya kazi za ndani ana shida nyingine. Sheria hizo za juani hazimgusi. Yake ni kuamka kabla ya watoto na kulala baada ya wageni, bila siku ya mapumziko, na pengine simu anapewa mara moja kwa wiki huku mwenye nyumba amesimama pembeni. Huyo hawezi kukwambia ukweli hata akitaka.

Misiba isiyo na matanga

Daktari wa magonjwa ya akili wa Barcelona, Joseba Achotegui, ametibu wahamiaji kwa miaka mingi. Hali aliyoiona kwao ameipa jina la Ulysses, yule msafiri wa hadithi za Wagiriki aliyehangaika miaka mingi baharini akitafuta njia ya kurudi kwake. Anasema mhamiaji anaomboleza vitu saba kwa pamoja: familia yake, lugha yake, utamaduni wake, ardhi yake, hadhi yake, watu wa kundi lake, na usalama wa mwili wake. Dalili zake ni kichwa kuuma, kukosa usingizi, uchovu usioisha, machozi na wasiwasi. Na anasisitiza kwamba huo si wazimu. Ni mtu wa kawaida aliyebebeshwa mzigo usio wa kawaida.

Sisi tunaujua msiba. Mtu akifiwa tunaweka turubai, tunalala chini, tunapika pamoja, tunamwacha alie. Lakini nani humpa pole mtu aliyepoteza hadhi yake? Alikuwa mwalimu, wazazi wa mtaa mzima wakimwamkia kwa heshima. Leo anamwogesha mzee asiyemjua, naye anamwita kwa jina lililokosewa. Nani hukaa matanga na mtu ambaye siku nzima hasikii neno la Kiswahili? Na yule ambaye karatasi zake hazijakamilika, baba yake akafariki, akashindwa kurudi kwa kuogopa kutoruhusiwa kuingia tena, akayatazama mazishi kwenye simu akiwa chooni kazini, huyo amezika au hajazika?

Sasa sikiliza tunachomjibu anapojaribu kusema. "Wenzako wanatamani hiyo nafasi." "Fulani ameondoka nyuma yako na ameshapaua." "Vumilia, utazoea." Maneno haya hatuyasemi kwa ubaya, lakini ndiyo yanayomfundisha kujibu "sijambo" wiki ijayo. Na kweli wapo wanaozoea. Mwaka wa pili huwa si kama wa kwanza. Mtu hupata marafiki, msikiti au kanisa, duka linalouza unga na mchicha. Lakini kuna asiyezoea, na huyo hatutamjua kama mlango wa kusema tumeufunga.

Jua tofauti ya huzuni na sonona. Huzuni huja na kuondoka. Mtu anacheka kidogo, anakula, anapanga kesho. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo wake ni mzito au hakuna kinachompendeza, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, anajiona hana thamani na kazi zinamshinda, hiyo inahitaji daktari, na ina tiba. Kwa wanaume mara nyingi huvaa sura nyingine: hasira, pombe, kupotea kwenye simu. Akitaja kufa, hata kwa mzaha, usiubadilishe mzungumzo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Baki naye kwenye simu na mtafute mtu aliye karibu naye aende leo hiihii. Hapo si mahali pa kusema amerogwa na kumwachia dua peke yake. Dua iende pamoja na daktari.

Na wewe mzazi uliye mgonjwa

Tusimnyooshee kidole mtoto pekee. Wazazi wengi wenye presha na kisukari hupokea fedha za dawa kutoka nje, zikageuka ada, mbolea au mabati. Kisha unaruka kliniki na kusema "naendelea vizuri". Mwisho wake mwanao anaamshwa usiku kuambiwa mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Gharama ya tiketi ya ghafla, kitanda cha hospitali na mazoezi ya viungo baada ya kiharusi huzidi sana gharama ya vidonge ulivyoviruka. Na atakachokibeba maisha yake yote si gharama, ni swali: "Kwa nini hamkuniambia?"

Angalia pia dawa zinazotumwa kwenye begi. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Mzazi anaweza kupewa amlodipine kliniki kwa jina moja, akaletewa amlodipine ileile kutoka Marekani kwenye kopo lenye jina jingine, akameza zote mbili akidhani ni tofauti. Presha inashuka mno, anaanguka. Kabla ya kumeza chochote kilichotoka nje, peleka kopo kliniki wasome jina la dawa yenyewe na uzito wake, si jina la kampuni.

Namba za sukari nazo huleta mkanganyiko. Hapa nyumbani, kama Uingereza, sukari husomwa kwa milimoli kwa lita. Marekani hutumia miligramu kwa desilita. Ukimwambia mwanao aliyeko Marekani "sukari yangu 15", anaweza asielewe uzito wake, kwa kuwa namba anazozisikia kule ni za mamia. Azidishe kwa 18. Hiyo 15 yako ni 270 kwao, na hapo atashtuka kama inavyostahili. Kwa namna hiyohiyo, 7 ya hapa ni 126 ya kule, na ikiwa hiyo ni sukari ya asubuhi kabla ya kula na inajirudia, ndiyo kizingiti cha kisukari.

Wakija likizo

Kuna ugonjwa mmoja ambao aliyekulia hapa huudharau akirudi. Mtu aliyezoea kuumwa malaria hujenga kinga fulani, ingawa si kamili. Akikaa nje miaka kadhaa, kinga hiyo hupungua sana. Mjukuu aliyezaliwa Leicester au Oslo hana kabisa. Hawa wakija Desemba wanaweza kupata malaria kali kuliko wewe unayeishi nayo.

Kwa hiyo mwanao akikwambia amekuja na vidonge vya kuzuia malaria, usimcheke kwamba amekuwa mzungu. Mtundikie neti yenye dawa, na watoto walale ndani yake tangu usiku wa kwanza. Mkumbushe amwone daktari wa huko wiki kadhaa kabla ya safari, hasa kama ni mjamzito au ana watoto wadogo. Na akirudi, homa yoyote katika wiki na miezi inayofuata aipeleke hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza liwe, "Nimetoka Afrika Mashariki, nipimeni malaria." Daktari wa nchi ya baridi anaweza kudhani ni mafua tu.

Mkubaliane haya

Kwanza, badilisheni swali. "Hujambo?" ni salamu, na jibu lake ni "sijambo" hata kwa mgonjwa. Baada ya salamu uliza linalojibika: "Jana ulilala saa ngapi? Umekula nini leo? Mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini? Nani alikutembelea wiki hii?" Naye akuulize: "Vidonge vimebaki vingapi? Kliniki ni tarehe gani?"

Pili, kuwe na daftari moja. Andika presha, sukari na majina ya dawa, kisha mjukuu apige picha ya ukurasa na kumtumia mara moja kwa mwezi. Picha haina aibu ya kusema.

Tatu, fedha ya dawa iwe fungu lake na isikopwe. Kama mwanao hana mwezi huo, aseme hana, nawe usimpimie upendo kwa M-Pesa. Anayejua kwamba atapokelewa hata akiwa mikono mitupu hatafanya zamu mbili akiwa na homa.

Nne, chagueni mtu wa tatu mwenye ruhusa ya kusema ukweli: dada, shangazi, au jirani aliye muuguzi. Huyu akiona mama amedhoofika, anampigia mtoto bila kuomba kibali. Na huko aliko, mwanao naye akupe namba ya rafiki mmoja.

Tano, mwanao aujue mlango wa hospitali kabla hajaumwa. Uingereza, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa ni bure na hahitaji kuonyesha karatasi za uhamiaji. Marekani kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, na tangu 1986 sheria inazilazimu hospitali zenye idara ya dharura kumchunguza na kumtuliza mgonjwa mahututi bila kutazama uwezo wake, ingawa bili huja baadaye. Ghuba, kadi ya bima awe nayo yeye mkononi, ajue namba ya ubalozi wetu ulio karibu naye, uwe wa Muscat, Riyadh, Abu Dhabi au Doha, na binti wa kazi za ndani mpange naye neno moja la kawaida, kama jina la ng'ombe wa nyumbani, ambalo akilitamka utajua kwamba yuko taabani.

Sita, habari mbaya nazo zina adabu yake. Kutoficha si kumrushia mtu ujumbe wa msiba akiwa anaendesha gari. Mwulize kwanza, "Uko wapi? Una mtu karibu?" Kisha sema lote, kwa utulivu, pamoja na lile daktari alilosema kuhusu tiba.

Haya hayataondoa umbali. Hayatampa mwanao karatasi, wala kumletea jua la Januari, wala kukushusha wewe presha kwa siku moja. Lakini tatizo linalosemwa Jumapili hii lina watu wawili wa kulitafutia njia, na linalofichwa lina mmoja tu, tena mgonjwa.

Simu ikiita Jumapili ijayo, itikia "marahaba", kisha uwe wa kwanza. Mwambie miguu inavimba. Sema dawa zimekwisha. Halafu nyamaza umsikilize. Yeye amekuwa akisubiri mzazi aanze.